Sauti ya mwuzaji na ivuke mpaka kabla ya mzigo

Kuna utaratibu mmoja wa biashara ambao hakuna chuo kinachoufundisha, lakini kila anayepitisha mizigo Mutukula, Busia au Mpondwe anaufahamu vizuri. Ni mali kauli. Unachukua katoni kumi leo, unalipa ukishauza, na kilicho katikati yenu ni neno ulilotamka. Hakuna hati, hakuna wakili, hakuna rehani. Mwenye duka wa Kikuubo anakukabidhi mali ya mamilioni kwa sababu anaijua sauti yako, na anaijua kwa kuwa mmezungumza mara nyingi, wakati wa faida na wakati wa hasara.

Ndiyo maana nashangaa kuona wafanyabiashara hao hao, ambao maisha yao yote yamesimama juu ya sauti, wakisikia neno podikasti hucheka na kusema hayo ni mambo ya vijana wenye muda wa kupoteza. Mimi ni mwalimu, si mfanyabiashara, na pengine nitaambiwa nirudi kwenye chaki yangu. Lakini nasema wazi: kwa mtu wa Kampala anayemwuzia mteja wa Butembo, Juba au Mwanza, kipindi kifupi cha sauti kilichorekodiwa vizuri kinaweza kumfaa kuliko bango, kuliko kalenda zinazochapwa Nasser Road kila Desemba, na mara nyingi kuliko tangazo la redio. Kikiwa cha Kiswahili, faida yake ni mara mbili.

Kwa asiyeifahamu, podikasti ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti ili msikilizaji akichukue na kukisikiliza kwa wakati wake mwenyewe. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaviingiza vipindi hivyo katika programu yake ya iTunes. Hapa kwetu njia ilipanuka zaidi Februari 2021, Spotify ilipofungua huduma yake Uganda, Kenya na Tanzania. Lakini tusihangaishwe na majina ya makampuni. Jambo kubwa ni hili: redio hupita, na aliyekuwa sokoni saa hiyo imempita. Podikasti inabaki. Aliyeikosa Jumatatu ataisikiliza Alhamisi akiwa ndani ya basi, na kama hakuelewa atairudia.

Tena, si lazima msikilizaji awe kwenye intaneti muda wote. Kipindi kikishashushwa kwenye simu kinakaa humo kama wimbo. Kinaweza kuhamishwa kutoka simu hadi simu, kikawekwa kwenye memori kadi au kwenye flashi inayochomekwa katika redio ya gari. Vile vibanda vya mjini ambako kijana mwenye kompyuta hukujazia nyimbo na filamu kwa malipo kidogo vinaweza kukujazia pia maelezo ya jinsi ya kupitisha mzigo wako Kasindi. Kwa watu wa mpakani, ambako mtandao hupatikana juu ya kilima na kupotea bondeni, jambo hilo si dogo.

Atakayesema kwamba Waganda hawana mazoea ya kununua sauti iliyorekodiwa, nitamwomba aingie kwenye banda lolote la video. Kwa miaka mingi jiji hili limekuwa na watu wanaoitwa ma-VJ, ambao huchukua filamu ya Marekani, ya China au ya India na kuifafanulia kwa Kiluganda juu ya picha, wakieleza, wakitania, wakiwapa wahusika majina ya mitaa yetu. VJ Jingo na VJ Junior ni majina yanayojulikana mpaka vijijini. Mteja anapokwenda kununua filamu, haulizi kwanza mwigizaji ni nani. Anauliza ni ya VJ yupi. Yaani bidhaa anayoinunua ni sauti, na ile picha ya mamilioni ya dola kutoka Hollywood imekuwa nyongeza tu. Kenya wanaye DJ Afro anayefanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na Tanzania walimjua Lufufu. Hakuna kati yao aliyesubiri mtaalamu kutoka Ulaya aje kumweleza thamani ya koo lake.

Kadhalika tunacho kizindaalo. Katika vituo vingi vya biashara hapa Uganda utaona mlingoti mrefu wenye vipaza sauti juu, na chini yake chumba kidogo chenye maikrofoni. Mbuzi akipotea, inatangazwa. Samaki wakifika, inatangazwa. Mwenye tangazo hulipa kiasi kidogo, na kituo kizima husikia. Nimewahi kuketi karibu na mlingoti wa namna hiyo asubuhi nzima, na naweza kushuhudia kwamba watu hulalamikia kelele zake huku wakimnyamazisha yeyote anayezungumza wakati tangazo likiendelea. Upungufu wa kizindaalo ni kwamba sauti yake huishia pale mgomba wa mwisho wa kijiji ulipo. Redio za FM, ambazo zilianza kumilikiwa na watu binafsi nchini mwaka 1993, zilisukuma mbele zaidi, lakini nazo zina mpaka wake, zina saa zake na zina wenyewe. CBS, redio ya Buganda, ilipofungwa Septemba 2009 ilikaa kimya hadi Oktoba 2010, na matangazo yote ya biashara yaliyokuwa yakipita humo yakakaa kimya pamoja nayo.

Sasa nije kwenye faida yenyewe, kwa sababu wengi wanaoisifu podikasti huishia kusema kwamba inakutangaza. La hasha. Kutangaza ni faida ndogo kuliko zote.

Pale Arua Park, ambako mabasi ya Nile Magharibi na Juba hupakia, namfahamu hajati mmoja anayeuza paneli za sola, betri na taa. Mwanawe nilimfundisha. Wateja wake ni watu wa Congo na Sudan Kusini wanaonunua kumi au ishirini na kwenda kuuza rejareja. Shida yake haikuwa wateja kukosekana. Shida ilikuwa simu. Kila siku, kuanzia alfajiri, watu walipiga kumwuliza maswali yale yale: paneli ya wati mia moja itawasha nini? Betri hii inakufa baada ya miezi mitatu, mmeniuzia mbovu? Nitajuaje paneli ya bandia? Hajati alikuwa akijibu, anajibu tena, sauti inakauka, na mteja aliyesimama mbele yake dukani akichoka kungoja anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Mwanawe akamwambia, mama, jibu mara moja tu. Wakakaa nyuma ya duka jioni moja, baada ya kufunga, wakarekodi kwa simu ya kawaida vipande vitano, kila kimoja kama dakika nane. Hajati anaeleza kwa Kiswahili chake cha Koboko kwamba betri haifi kwa ubovu tu, inakufa kwa kunyonywa mpaka tone la mwisho kila usiku bila kifaa cha kudhibiti chaji. Anaeleza kwamba wati zilizoandikwa kwenye paneli ni za jua kali la saa sita, si za asubuhi yenye mawingu. Anaeleza kwamba paneli nyepesi mno kwa ukubwa wake itiliwe shaka. Katika kipande kimoja anasikika akikohoa na kuomba maji. Hawakukifuta.

Sitasema kwamba amejenga ghorofa. Nitasema nilichokiona. Mteja akipiga simu na kuuliza la betri, hutumiwa kipande cha betri, na anapopiga tena anauliza bei na siku ya basi. Vipande hivyo vimefika mbali kuliko hajati mwenyewe, kwa maana wachuuzi wake huwachezea wanunuzi wao vijijini wanapowauzia taa. Na jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba wako watu waliofika dukani kwa mara ya kwanza wakamsalimu kama jamaa yao wa siku nyingi, kwa sababu wamekuwa wakimsikiliza jikoni kwao. Mtu wa namna hiyo hakatishi bei kwa ukali, na akiomba mali kauli wanazungumza kama watu wanaofahamiana, ijapokuwa hajati naye anahitaji kumjua kabla ya kumpa.

Gharama je? Kipande cha dakika kumi, kikihifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha sauti ya maneno, hakizidi megabaiti tano. Kwa WhatsApp hupungua zaidi. Video ya dakika kumi hula mara kumi ya hapo au zaidi, na mteja wa Beni anayenunua bando kwa kipimo hawezi kuimaliza. Sauti vilevile humwacha mtu afanye kazi yake. Mama anayepanga nyanya, dereva wa lori, fundi wa Katwe anayegonga mabati, wote masikio yao yako huru hata kama macho na mikono vimeshughulika. Gazeti hili ninaloandikia halina uwezo huo, na mhariri anisamehe.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu hasara ambazo zingeweza kuepukwa. Ijumaa tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota katika nafaka yenye unyevu. Malori yalikwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye Kenya ililegeza na kuweka masharti: mwingizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu kumi kwa bilioni, na ijulikane mahindi yalilimwa wapi. Masharti yale yaliandikwa kwa Kiingereza katika barua yenye muhuri. Wanasiasa wakabishana, magazeti yakaandika juu ya vita ya biashara, na mama mwenye magunia sita pale Busia akabaki na swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: nifanye nini na magunia yangu?

Majibu yalikuwepo. Kipimo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mkulima anayekausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na asiyefunga gunia kabla nafaka haijakauka, amekwisha punguza sehemu kubwa ya hatari. Hayo yanaelezeka kwa dakika kumi. Wenye viwanda vya kusaga pale Kisenyi wanayafahamu kwa vidole na meno yao: hung'ata punje wakajua. Hebu fikiri kama chama kimoja tu cha wanunuzi wa nafaka kingekuwa na kipindi chake cha sauti kwa Kiswahili, kinachowafikia wauzaji kutoka Masindi hadi Busia, na kipindi hicho kikazungumzia ukaushaji tangu msimu wa kabla yake. Mkenya angebaki na sheria yake, lakini gunia letu lingefika likiwa limekauka, na mwenye gunia angekuwa na la kusema.

Iko mifano mingine ya elimu inayokaa kwenye makaratasi wakati mwenye kuihitaji yuko barabarani. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, uliotokana na nchi za Jumuiya na ulio katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha asili pale pale mpakani bila malipo, na ushuru wa forodha hautozwi. Cheti hicho hakiondoi kodi nyingine za ndani wala ukaguzi wa afya ya mimea, lakini ni haki ya mfanyabiashara. Hata hivyo wako wanaopita kwenye njia za panya usiku, wakiwalipa vijana wa pikipiki na wakati mwingine kupoteza mzigo wote, kwa sababu waliambiwa kwamba barabara kuu ni ya matajiri. Huduma iitwayo Sauti ilijaribu kuwapelekea wafanyabiashara wadogo wa mipakani bei za masoko na taratibu za forodha kupitia simu, na ilifanya kazi njema. Lakini pamoja na jina lake, ilikuwa ya maandishi. Mwenye kusoma alisoma. Asiyesoma alimtafuta mtu wa kumsomea, na mtu huyo aghalabu ndiye wakala anayefaidika na ujinga wake.

Nakuja sasa kwenye lugha, ambapo sisi tuliorejea tuna neno la kusema.

Wazazi wangu walivuka Mutukula mwaka 1982 nikiwa mgongoni. Nilisoma Bukoba, nikajifunza kuhesabu kwa Kiswahili, kugombana kwa Kiswahili na kuomba radhi kwa Kiswahili. Tuliporudi miaka ya tisini nikiwa kijana, niligundua kwamba mdomo wangu ni tatizo. Ukiuliza nauli kwenye teksi kwa Kiswahili, abiria walikaa kimya na kushika mifuko yao. Kwa watu wengi wa Kampala hiyo ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na kitako cha bunduki. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa hiyo hata wema wake ukachafuliwa na aliyeutangaza. Tulijifunza kunong'ona. Wenzetu waliorudi kutoka Kenya na Congo wana habari hiyo hiyo, na wako waliowakataza watoto wao kuizungumza nyumbani ili wasionekane wageni.

Tangu hapo mambo yamebadilika kwenye karatasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Congo iliingia katika Jumuiya, na kwa hiyo mamilioni ya watu wa mashariki yake wanaosema lugha hii wakawa wenzetu wa soko moja. Wanaofuatilia biashara isiyo rasmi ya mipakani wanajua kwamba Congo mara kwa mara ndiyo inayonunua zaidi kutoka kwetu. Ajabu ni kwamba ukitafuta podikasti za biashara za Kampala leo, karibu zote utazikuta za Kiingereza, na zile za lugha nyingine ni za Kiluganda. Vijana wawili waliovaa vipokea sauti vikubwa wanazungumza saa mbili juu ya kuwa tajiri, mbele ya ukuta wenye taa za rangi ya zambarau. Sina ugomvi nao. Lakini mteja wa Bunia hayumo katika mazungumzo yale, wala mwuzaji wa vitenge wa Juba aliyekulia kambini Kakuma na kujifunza Kiswahili huko.

Mwenye duka wa Kikuubo anahitaji mtu wa kumsemea upande wa pili. Mtu huyo yuko, tena mara nyingi hana kazi ya maana: ni binti aliyerudi kutoka Mwanza na cheti ambacho hakitambuliwi hapa, ni kijana aliyekulia Eldoret ambaye Kiluganda chake huchekwa. Lugha ambayo ilimfanya aonekane mgeni ndiyo mtaji wake. Kurekodi vipindi kumi kwa mwezi kwa ajili ya maduka matatu ni kazi, na kazi hiyo ilipwe.

Lakini naye ajue kwamba Kiswahili cha kitabuni hakitoshi. Ukimwambia Mkongomani kwamba mzigo utatoka Jumamosi, yumkini atakuuliza ni siku gani hiyo, kwa maana kwao wengi huiita siku ya posho. Ukimwambia mtu wa hapa Kampala kwamba mzigo utatoka siku ya posho, atadhani mnapika ugali. Nimewasikia watu wakikosana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Anayerekodi aseme yote mawili, ataje na tarehe, na asione haya kurudia.

Zipo pingamizi, na nyingine zina uzito. Kuna gharama ya intaneti. Serikali ilianza Julai 2018 kwa kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaibadilisha kuwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Mtu mnyonge ndiye anayeumia zaidi, na sioni hekima ya kutoza kodi njia ambayo kwayo watu hutafuta fedha za kulipia kodi. Kuna pia usajili: Septemba 2020 Tume ya Mawasiliano iliwataka wanaorusha vipindi vyao mtandaoni wajisajili kabla ya tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Tanzania nao waliweka kanuni zao mwaka 2018, zenye ada zilizowanyamazisha wengi. Anayekusudia kurusha kwa umma aulize kwanza, asije akafungiwa kwa jambo lililohitaji fomu moja. Na kuna siku ambazo intaneti huzimwa kabisa. Ilizimwa nchi nzima Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na biashara za simu zikasimama. Lakini hapo kipindi kilichokwisha hifadhiwa kwenye simu kiliendelea kusikika, jambo ambalo tangazo la Facebook halikuweza.

Pingamizi ninalolisikia zaidi madukani halisemwi kwa sauti kubwa. Watu wanaogopa kusikika. Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa kwa siku kadhaa kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, na hofu ile haijaisha. Mwenye duka anasema, mwalimu, nikitangaza ninavyouza Congo, kesho nitakuwa na wageni wenye vitambulisho. Namwelewa. Ila podikasti ninayoizungumzia haihitaji bei wala kiasi cha mauzo. Bei hubadilika na dola kila asubuhi, na kitu kitakachosikilizwa kwa mwaka mzima hakipaswi kuibeba. Kinachorekodiwa ni maarifa: jinsi ya kutambua mali halisi, jinsi ya kuitunza, hati gani zinatakiwa, basi lipi, kituo kipi. Jirani akiyasikia hayo hajakuibia kitu, maana mteja atamfuata aliyemfundisha.

Iko hatari moja mpya ambayo siwezi kuipita. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikiliza mfano mfupi tu. Biashara ya mali kauli, ambayo dhamana yake ni sauti, iko wazi kwa matapeli wa namna hiyo kuliko biashara nyingine yoyote. Kwa hiyo sauti ifundishe, lakini isitoe amri ya fedha. Ujumbe wa sauti unaosema tuma malipo kwenye namba mpya usitekelezwe mpaka umpigie mwenyewe kwenye namba ile ya zamani, na hata hapo mwulize jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua. Onyo hilo nalo ni kipindi kizuri cha dakika tano.

Sidhani kila duka linapaswa kuwa na podikasti. Anayeuza chapati kwa wapita njia haihitaji, na anayejilazimisha kuzungumza kila wiki bila kuwa na la kusema atawachosha watu. Inamfaa anayeuza kitu kinachohitaji maelezo kwa mtu aliye mbali: vipuri, dawa za mifugo, mbegu, mashine za kusaga, sola, nguo za jumla. Na pale ambapo mmoja mmoja hawawezi, vyama viko. KACITA, chama cha wafanyabiashara wa jiji, kina wanachama na kina sauti bungeni. Vikundi vya akina mama wa Busia na Mutukula vina viongozi wanaojua kila kona ya forodha. Chumba chenye mapazia mazito, simu moja nzuri na mtu mwenye subira vinatosha kuanza.

Kama ningeulizwa kipindi cha kwanza kiwe cha nini, ningesema kile cheti chepesi cha asili. Afisa wa forodha aombwe aeleze yeye mwenyewe, mama mmoja anayevuka kila wiki amwulize maswali kama anavyoulizwa mtu mzima na mtu mzima mwenzake, na kisizidi dakika kumi. Kiwekwe kwenye intaneti, na siku hiyo hiyo flashi hamsini wapewe madereva wa mabasi ya Arua Park na ya Mutukula waicheze abiria wakishaketi. Cha pili kiwe cha kukausha mahindi, nacho kiwe tayari kabla ya mavuno ya Juni.